Kikoa

Kwetu Kibokoni mama zetu walikula kikoa:
leo kwa Mishi, kesho kwa Bi Swafiya,
keshokutwa nyumba ya pembeni
yenye samaki mdogo na mchuzi mwingi,
na hakuna aliyepima mchuzi kwa kijiko.
Walichopima ni zamu.

Sisi tumerithi sufuria nyingine.
Ghorofa nne, kompyuta kumi na moja,
nyaya zimepita juu ya kamba za nguo,
zikaingia madirishani baina ya kanga mbichi na soksi za shule.
Usiku wenyewe tukilala
mashine hubebeana mizigo.
Ya Kazungu hupiga hesabu za maji, kupwa na kujaa, Kilindini.
Yangu hufuma picha za harusi za watu nisiowajua,
bibi harusi akishuka ngazi, picha kwa picha,
na picha ya elfu mbili hufumwa chumbani kwa Lali.
Lali yuwakoroma, hana habari
kwamba hina ya mtu imekaukia mezani kwake.

Tamu sana. Hadi Shebwana.

Shebwana ana mashine ya kutisha, feni tatu, taa za buluu.
Saa nne usiku huomba. Saa nne na nusu
tukiomba sisi, yeye kazima.
"Umeme ghali," asema. Kwani sisi twauchota kisimani?
Tukamtoa.
Kesho yake akaingia mtu mpya, jina Mwana-wa-Pwani.
Mgeni ni mgeni. Tukampa siku zake mbili,
na ya tatu, tulipomnyoshea jembe, hayupo.
Akaja Simba-wa-Tudor. Naye siku mbili.
Akaja Tausi.
Kanzu mpya, tumbo lile lile.

Nilitaka tufunge mlango. Niliandika hivyo, kwa herufi kubwa.
Mishi, mwenye cherehani
na kompyuta kongwe kuliko zote, akajibu:
"Na mgeni wa kweli alale wapi?
Mpe makombo kwanza. Akiosha sahani moja, mpakulie."

Ndipo Kazungu akatunga daftari.
Si la karani mmoja, maana karani naye ana tumbo:
kila mashine ikumbuke yenyewe nani aliibebea nini.
Ukitoa, watangulizwa. Ukinyima, wangoja.
Na aliyenyima jana akitoa leo,
ya jana hupauka polepole.

Juma la kwanza likaisha, tukayasoma yote pamoja, ngazini,
nami nimekaa mbele nimwone Shebwana mkiani.
Mkiani palikuwa na Mwanamkasi.
Mimi.

Harusi nane mwezi ule, zote migongoni mwa watu,
na mashine yangu, niliyoiacha ikiwaka kwa fahari,
nilikuwa nimeibana: sehemu moja kwa kumi ndiyo ya wenzangu,
isije ikanigandia nikiwa kazini.
Nilisahau kuifungua.
Nadhani nilisahau.

Na juu kabisa? Mishi.
Kikongwe chake hubeba punje moja moja, kama sisimizi, usiku kucha,
na daftari halikuuliza umeleta kiasi gani.
Liliuliza: katika ulicho nacho?

Sikusema kitu. Nilipanda chumbani nikafungua, nane kwa kumi,
nikakaa foleni kama mtu.
Harusi ya Jumamosi ikatoka Jumanne,
na mama wa bibi harusi akanitukana hadi ukoo wa tatu.

Shebwana karudi, kwa jina lake.
Hakuna aliyemhubiria. Alipiga hesabu tu:
Tausi alikula makombo,
Shebwana akiwasha feni tatu atapakuliwa sinia.
Katubu? Sijui. Daftari nalo halijui.
Linajua kwamba saa nane za usiku feni zinazunguka
na bamvua ya Kazungu inajaa humo ndani,

na kwamba chumbani kwangu mashine imebeba kitu cha mtu.
Sijaangalia cha nani.
Nimeweka kiganja ubavuni mwake. Kuna joto.